Bima ya dialisisi ianze siku ile ile mgonjwa anapowekwa kwenye mashine

Mhariri,

Salaam kwako na kwa wasomaji wote. Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua na naomba usinikate sana, maana jambo lenyewe halisemeki kwa mistari miwili, na mi nimechoka kulisema kwenye mabenchi ya hospitali tu, ambako wanaonisikia ni wagonjwa na ndugu zao, watu wasio na uwezo wa kubadilisha kitu.

Swali langu ni la tarehe. Mtu figo zikifeli, bima ya serikali yaanza lini kumlipia dialisisi, yaani kusafishwa damu kwa mashine? Inalipa ngapi hilo lajulikana, sesheni moja SHA, hiyo bima ya serikali yetu ya Kenya, hulipa shilingi 10,650, na zamani za NHIF, bima iliyoitangulia, ilikuwa 9,500. Mi nauliza lini. Kwa sababu nimeona kwa macho yangu kwamba watu wengi huku kwetu Malindi wanaangamia kwenye zile wiki za mwanzo, kabla hata dialisisi haijawa ni maisha yao ya kila siku, pale mgonjwa ashaambiwa figo zimekwisha, mashine iko, nesi yuko, kitanda kiko, lakini bima bado haijaanza kufanya kazi.

Ami yangu ni mvuvi, mtu wa bahari tangu utotoni, na sukari yuwaishi nayo miaka mingi pamoja na presha. Mwaka mmoja miguu ikaanza kuvimba, uso ukawa wamvimba asubuhi, chakula hakitaki, mdomoni ana ladha ya chuma, na usiku akawa halali kitandani, yuwalala ameketi kwenye kiti maana akijinyoosha pumzi zamkata. Alipopelekwa hospitali na damu ikapimwa daktari akasema figo zote mbili, aanze mashine kesho asubuhi. Kesho, hakusema wiki ijayo.

Ami alikuwa ameshajiandikisha SHA kama watu wengine, lakini ule mchango wa mwaka hakuwa amelipa, na niulize kwa haki kabisa, nani katika sisi tusio na mshahara analipa mwaka mzima kwa mkupuo? Aliyeajiriwa hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara kila mwezi na hata hajui imekatwa lini, bima yake iko hai siku zote. Mvuvi apata leo kesho hapati, na kusi likivuma ndo kabisa, wiki nzima vyombo viko juu mchangani. Mwenye tuktuk, mama wa viazi karai, kijana anayebeba mizigo sokoni, wote hao wanaambiwa walete pesa za miezi 12 kwa pamoja ndo kadi ifunguke. Sasa kijana wa dawati la bima, wala simlaumu maana yeye hakutunga sheria, akatwambia lipeni mwaka kwanza, ikisoma kwenye sistimu mje. Tukachanga, tukalipa kwa simu, pesa zikatoka kwenye simu lakini kwenye sistimu hazikusoma, mara majina hayafanani na ya kitambulisho, mara sistimu iko chini, mara njooni Jumatatu. Na muda wote huo sumu yazidi kwenye damu ya mtu. Zile sesheni za mwanzo tukalipa keshi. Injini ya boti ikauzwa, na mtu akishauza injini ya boti ndo ashauza na kazi yake, hata akipata nafuu hana tena cha kurudia.

Naomba wale ambao hawajawahi kukaa karibu na mgonjwa wa figo wanielewe kwa nini siku moja ni nyingi. Figo ndo hutoa maji na uchafu mwilini, zikisimama mwili wawa kama dau linalovuja na hakuna wa kufua maji. Maji yapanda kwenye mapafu. Potasiamu, yale madini yaliyomo kwenye ndizi, madafu, machungwa, maharage, yapanda kwenye damu na ikipita kiwango moyo husimama ghafla, mgonjwa yuwazungumza nawe saa hii na saa ijayo hayupo. Mtu ambaye figo zimesimama kabisa na hapati mashine mara nyingi hamalizi wiki mbili. Kwa hiyo ukimwambia mtu kama huyo angoje mpaka sistimu isome, umemwambia neno zito kuliko unavyofikiri.

Sasa, ndugu yangu mtoto wa ami, binti yake mkubwa, yuko Marekani na kazi yake iko kwenye kituo cha dialisisi, yeye ndo huwafunga wagonjwa kwenye mashine na kuwafungua. Tulipokuwa tunahangaika alikuwa akipiga simu kila usiku wetu, na kati ya mazungumzo hayo nikamuuliza, kwani huko kwenu mtu akianza dialisisi serikali humlipia tangu siku gani? Jibu lake lilinishangaza kwa pande mbili, na nataka wasomaji walisikie.

Kule kuna bima ya serikali inaitwa Medicare, na kwa kawaida ni ya wazee wa miaka 65 kwenda juu. Lakini mwaka 1972 walipitisha sheria, ikatiwa saini na Rais Nixon mwezi wa Oktoba, ikaanza kazi tarehe 1 Julai 1973, kwamba mtu ambaye figo zake zimefeli kabisa aingizwe kwenye bima hiyo hata akiwa kijana, mradi yeye mwenyewe, au mume au mke wake, au mzazi wake, amefanya kazi na kuchangia kwa muda unaotakiwa. Ugonjwa mmoja, wenye mlango wake mwenyewe kwenye sheria. Na mlango huo haukufunguka bure. Kabla ya hapo mashine zilikuwa chache na pesa hakuna, hata mji wa Seattle ambako dialisisi ya kudumu ilianzia mwaka 1960 kulikuwa na kamati ya raia wa kawaida wanakaa na kuchagua nani apate mashine na nani aachwe. Mwezi wa Novemba 1971 mgonjwa mmoja anaitwa Shep Glazer alikwenda mbele ya kamati ya Bunge la huko na akafungwa mashine pale pale, wabunge wanaona damu yatoka mwilini yazunguka yarudi. Alitaka tu waone. Sheria ikaja mwaka uliofuata.

Hilo la kwanza. La pili ndo lililonishangaza zaidi, kwamba hata na sheria hiyo, bima haianzi siku ya kwanza. Mgonjwa anayekwenda kusafishwa damu kituoni bima yake huanza siku ya kwanza ya mwezi wa nne wa dialisisi. Yaani ukianza mashine mwezi wa Julai, iwe tarehe 2 au tarehe 30, bima yako yaanza 1 Oktoba. Julai, Agosti na Septemba ni juu yako, au juu ya bima ya kazini kwako kama unayo. Na wenye bima ya kazini, hiyo ndo hulipa kwanza mpaka miezi 30 ipite, Medicare hufuata nyuma yake. Tena hata ikishaanza haibebi zote, kwa dialisisi ya nje hulipa asilimia 80 na mgonjwa abaki na 20 atafute namna.

Mi niliposikia miezi mitatu nikafanya hesabu kwa bei zetu. Sesheni mbili kwa wiki, wiki 13, ni sesheni 26, zidisha na 10,650 wapata shilingi 276,900. Nionyesheni nyumba ya mvuvi yenye pesa hizo. Kwa hiyo sisemi tuige kila kitu cha Marekani, la hasha, hiyo miezi mitatu ni jambo baya na sitaki mtu yeyote wa Nairobi alisikie akaliona zuri.

Najua wanaoitetea wana hoja. Kuna figo zinazosimama ghafla halafu zikarudi, mtu ameharisha sana, au malaria kali, au mama ametoka damu nyingi kwenye kujifungua, au kijana amemeza madawa ya maumivu ya dukani kwa wiki nzima (na hili naomba niliseme wazi, yale madawa ya mgongo na magoti tunayonunua kama peremende yanaharibu figo, hasa kwa mtu wa presha na sukari). Watu kama hao hufungwa mashine wiki chache na figo zikaamka. Basi wasema tungoje miezi mitatu tujue ni figo za kudumu au za kupita. Lakini hoja hiyo mbona yaenda upande wangu? Kama figo zitarudi basi huyo mgonjwa ndo wa bei rahisi kuliko wote, sesheni chache tu na mtu arudi kazini, yuwafaa alipiwe haraka kuliko mtu yeyote. Kumnyima yeye bima ati kwa sababu huenda akapona, mi hainiingii akilini.

Kitu kimoja lakini nimekipenda kwenye sheria yao na ndo kimenifanya niandike. Tarehe yao yajulikana. Imeandikwa. Mgonjwa siku ya kwanza ajazia fomu pale pale kituoni, daktari atia saini, na mtu wa jamii, yule mfanyakazi wa ustawi, akaa naye amwambia bima yako yaanza tarehe fulani, mpaka hapo tufanye hivi na hivi. Ni tarehe mbaya, imechelewa, lakini mtu yuwaijua na aweza kuipangia, aweza kukopa mpaka siku hiyo na mkopeshaji akamuelewa. Huku kwetu tarehe ya bima kuanza ni siku ambayo ndugu watamaliza kuchanga, na sistimu ikaamua kusoma. Nyumba yenye ndugu Ulaya au Arabuni huanza kesho yake. Nyumba isiyo na mtu huanza baada ya mwezi, au haianzi. Wagonjwa wawili, daktari mmoja, ugonjwa mmoja, na tarehe mbili tofauti kwa sababu ya nani ana ndugu wangapi.

Siku za NHIF mtu mpya wa kujilipia aliambiwa angoje kwanza kabla kadi haijafanya kazi. SHA ilipoanza tarehe 1 Oktoba 2024 tulifurahi kusikia kungoja kwa namna ile kumeisha, na hilo nalishukuru, sitaki kuwa mtu wa kulalamika tu. Na 2025 ukaja mpango wa Lipa SHA Pole Pole ili wasio na mshahara walipe kidogo kidogo, ni jambo jema, ila nenda Maweni, nenda Muyeye, nenda Barani, uliza watu kumi waliojiandikisha kama wanajua mpango huo unaingiwa vipi. Watu husikia jina kwenye redio tu. Mgonjwa akifika hospitali akiwa taabani ndo si wakati wa kumfundisha.

Pia kuna yale maswali ya kupima uwezo wa mtu, na hapa nataka niseme jambo la Lamu na Malindi ambalo watu wa bara labda hawalioni. Mfumo unakuuliza nyumba yako ni ya ukuta gani, paa la nini, sakafu ya nini, kisha wakadiria mchango wako. Sasa Lamu mjini, na hata mitaa ya zamani ya Malindi, maskini yuwakaa kwenye nyumba ya mawe. Ni nyumba ya babu wa babu, kuta za matumbawe upana wa mkono, ina warithi wasiohesabika, chumba kimoja ndo chako, na dari yavuja. Ukijibu ukweli kwamba kuta ni za mawe waonekana tajiri, mchango wapanda juu ya ile shilingi 300 ya mwezi. Mjane wa Langoni mwenye ukuta wa mawe na hana cha kupika, amekadiriwa juu ya mtu mwenye nyumba ya mabati na duka. Naomba wanaohusika walitazame hili, watume mtu aje aone kwa macho.

Nirudi kwa ndugu yangu wa Marekani, kuna jambo jengine aliniambia ambalo ningependa watu wa Lamu walisikie vizuri. Ile miezi mitatu ina mlango wa kutokea. Mgonjwa anayekubali kujifunza kujifanyia dialisisi nyumbani, akaanza mafunzo kabla miezi mitatu haijaisha, na daktari akaona kwamba ataweza, basi bima yake yaanza tangu mwezi wa kwanza. Yaani serikali yamwambia, wewe uko tayari kujihudumia nyumbani, hatukungojeshi. Na anayepandikizwa figo pia halazimiki kungoja mwezi wa nne, yake huanza mwezi anaolazwa kwa ajili ya upasuaji.

Dialisisi ya nyumbani iliyo rahisi ni ya tumbo. Daktari aweka mpira mwembamba tumboni, mgonjwa aingiza maji maalumu kutoka kwenye mfuko, ayaacha masaa kadhaa yanyonye uchafu, kisha ayatoa na kuingiza mengine, kama mara nne kwa siku, kwa mikono yake mwenyewe, na haihitaji umeme. Yahitaji usafi mkubwa sana, mikono ioshwe, chumba kifungwe, maana vijidudu vikiingia tumboni ni hatari. Lakini watu hujifunza. SHA yenyewe inaitambua dialisisi ya aina hii kwenye orodha yake ya huduma, kwa hiyo si ndoto.

Fikiria mtu wa Kizingitini au Faza anayehitaji mashine mara mbili au tatu kwa wiki, kila sesheni masaa manne. Ashuke jeti, apande boti, na kupita Mkanda, ule mlango mwembamba wa bahari, kwataka maji yawe yamejaa, boti likikuta maji makavu lasubiri au lazunguka nje kwenye bahari kubwa, na wakati wa kusi bahari hiyo si ya mgonjwa. Kisha kama amepewa rufaa ya bara, boti tena mpaka Mokowe, basi mpaka Garsen, mpaka huku Malindi, na wengine mpaka Mombasa, kilomita kama 120 nyengine. Atoka kwenye mashine amelegea, presha imeshuka, kichwa chamzunguka, na safari ndo kwanza ya kurudi. Kesho kutwa tena. Watu hawa wakihamia Mombasa kwa ajili ya mashine hupanga chumba, na kodi ya chumba hakuna bima inayolipia. Nimekaa nao kwenye benchi. Mzee mmoja wa Pate aliniambia yeye hamjui jirani yake yeyote hapo mtaani anapokaa na hajazoea kulala bila kusikia bahari, lakini afanyeje. Mtu kama huyu angefundishwa ya tumbo, mifuko ikapelekwa na boti kila mwezi, angekaa kwake.

Kwa hiyo mi naomba mambo haya, na nayaomba kwa Wizara ya Afya, kwa SHA, na kwa wabunge na maseneta wetu wa Kilifi na Lamu, na sio kwa ugomvi.

Bima ya mgonjwa wa figo ihesabiwe imeanza siku aliyowekwa kwenye mashine mara ya kwanza. Deni la mchango liandikwe, lilipwe kidogo kidogo baadaye, litoke hata kwa miezi 12, lakini lisisimame kati ya mtu na mashine. Hospitali ijue italipwa, maana hospitali nayo hukataa kwa sababu yaogopa kutolipwa, na hapo naielewa, dawa na vichujio vyanunuliwa kwa pesa. Na hii sio hisani tunayoomba. Katiba ya 2010, kifungu cha 43, imeandika kila mtu ana haki ya kiwango cha juu cha afya, na kifungu hicho hicho kikaongeza kwamba mtu asinyimwe matibabu ya dharura. Mtu mwenye maji kwenye mapafu na potasiamu iliyopanda, kama huyo sio dharura basi dharura ni nini? Tena sheria za 2023 zilizoleta SHA ziliweka mfuko mzima wa dharura na magonjwa ya kudumu na mahututi. Jina lake lenyewe lamtaja ami yangu. Hizo wiki za mwanzo zilipiwe kutoka mfuko huo, hata bila kuuliza mwaka umelipwa au la, kisha hesabu zifanywe mtu akiwa hai.

Jengine, pale kitengo cha dialisisi kiwepo mtu mmoja wa kuzungumza na familia siku ile ya kwanza, amwambie bima yako yahesabiwa tangu tarehe fulani, hii fomu jaza, hii namba piga, mpango wa pole pole waingiwa hivi. Na kikaratasi kiandikwe kwa Kiswahili tafadhali, maana mambo mengi ya bima yaja kwa Kiingereza na wazee wetu watia kidole bila kujua wametia kwenye nini. Na kama sistimu iko chini basi karatasi ya daktari itoshe. Sistimu ikirudi wataingiza, mgonjwa hatakuwa ametoroka na mashine.

Na kwa sisi wenyewe watu wa mwambao, kwa kweli na sisi tuna la kufanya kabla ya hapo, nalisema kwa mapenzi. Sukari na presha ndo hupeleka wengi kwenye mashine, na zote mbili zapimwa kwenye zahanati kwa dakika chache. Kuna na kipimo cha mkojo cha kuangalia protini, kidogo tu, huonyesha figo zimeanza kuumia miaka mingi kabla hazijafeli. Mwenye sukari akapime mkojo na damu ya figo kila mwaka, asingoje miguu ivimbe. Ng'onda na papa mkavu tunaowapenda wana chumvi nyingi, mwenye presha apunguze. Na yeyote aliyejiandikisha SHA akaishia hapo, ajue kwamba kujiandikisha peke yake kwakupa huduma za zahanati na vituo vya afya, lakini mashine ya dialisisi iko kwenye mfuko wa bima ambao ni lazima mchango uwe umelipwa. Watu wengi sana hawajui tofauti hiyo. Aingie kwenye simu apige *147# aangalie kama mchango wake uko hai, na kama jina lake limeandikwa sawa na la kitambulisho, maana hilo la majina lasumbua zaidi huku kwetu, wewe waitwa bin fulani bin fulani na kila ofisi yakata jina inapotaka yenyewe.

Ami sasa bima yake yafanya kazi, yuwaenda mara mbili kwa wiki, wamemtengenezea mshipa mkononi wa kufungia mashine kwa hiyo ule mpira wa shingoni aliokuwa akifungwa nao mwanzo umetolewa, na anakula tena. Hodari kuliko sisi. Lakini kwenye vitanda vya jirani pale kila mara naona sura mpya, na nyuma ya sura mpya kuna kijana ameshika simu anapiga kwa ndugu mmoja mmoja, na mi najua anachokisema kabla hajafungua mdomo.

Serikali ilitangaza 2025 kwamba itawalipia mchango watu wasiojiweza zaidi ya milioni mbili. Vizuri. Basi tuangalie ni nani ameingia kwenye orodha hiyo kutoka kata zetu, na wagonjwa wa figo wawekwe wa mwanzo. Na kaunti zetu zisingoje Nairobi. Mchango wa mwaka wa familia ya kiwango cha chini ni shilingi 3,600, ambayo ni kama thuluthi moja ya bei ya sesheni moja tu. Madiwani wa Kilifi na wa Lamu wanaweza kutenga fungu dogo kwenye bajeti inayokuja, liwe mkononi mwa hospitali wala sio mkononi mwa mwanasiasa, daktari akishaandika kwamba huyu aanze mashine kesho, mtu wa kitengo alipe hiyo 3,600 siku hiyo hiyo na mgonjwa aingie. Familia itarudisha ikiweza. Kwa kaunti ni pesa ndogo na hakuna haja ya sheria mpya, yataka tu diwani mmoja wa kulitaja jambo hili kwenye kikao, na sisi wenye wagonjwa tuko tayari kuja kukaa nyuma yake siku hiyo.

Ni mimi msomaji wenu,
Shella, Malindi